Nani Kachinja?

Huku kwetu mtu akiwa na shughuli, iwe harusi, iwe msiba, iwe kipaimara cha mtoto, akishapata mnyama wa kuchinja anamtafuta Muislamu. Hata kama ukoo mzima ni wa kanisani, hata kama mwenye shughuli ndiye mzee wa kanisa mwenyewe, atamtuma mtu mtaani: "Hebu tuangalizie mtu wa kutuchinjia." Hakuna aliyewalazimisha. Ni desturi tu ya majirani, ili chungu kiwe kimoja na kila mgeni ale. Naye mgeni Muislamu akifika, kabla hajanawa mikono, anamwinamia jirani yake na kuuliza polepole, "Nani kachinja?" Akitajiwa jina la Kiislamu anakunja mikono ya shati na kula. Haulizi zaidi. Anakula kwa kuliamini jina la mtu ambaye pengine hajawahi kumwona.

Naomba mlishike hilo, ndugu zangu, maana bila hilo hamtaelewa kwa nini binti mmoja alimwaga mafuta ya taa juu ya kitoweo cha watu.

Binti huyo ni Munira. Ni Msandawe wa Kwa Mtoro, wilaya ya Chemba. Alikuja Chamwino baada ya kumaliza kidato cha nne, akapokelewa na Mama Jenifa, yule mpishi wa shughuli ambaye masufuria yake yanajulikana kuanzia Buigiri hadi Mtumba. Mama Jenifa alimpa kazi ya kunyonyoa kuku na kuosha vyombo, akampa na kitanda katika chumba cha uani, alale pamoja na Sidonia, msichana aliyemtangulia kazini. Chakula kilikuwepo, kazi ilikuwepo. Maneno mazuri ndiyo hayakuwepo.

Siku ya kwanza tu Mama Jenifa alimtazama kuanzia juu hadi chini. Munira alikuwa amejitanda mtandio mweusi uliofika mabegani.

"Hilo pazia utaingia nalo jikoni?"

"Ndiyo, mama. Nitalifunga vizuri."

"Likishika moto usiniite. Mimi si zimamoto."

Sidonia akacheka, na kuanzia siku hiyo jina la Munira halikutajwa tena katika jiko lile. Aliitwa Shehe. "Shehe, lete kuni. Shehe, umeosha mwiko?" Alipokuwa akijitenga kidogo nyuma ya nyumba kuswali adhuhuri, Sidonia alikuwa akipaza sauti makusudi: "Msimwite Shehe, yuko kwenye simu na Mungu!" Wanawake wote wanacheka. Anarudi, anachukua sufuria lake, anaendelea kusugua.

Lakini mteja akija kuagiza chakula, mambo hugeuka. Mama Jenifa humwita kwa sauti ya asali. "Munira, mwanangu, hebu njoo usalimie wageni." Munira anatoka, anashika mikono ya watu, shikamoo, shikamoo, na Mama Jenifa anamwonesha kama mtu anayeonesha cheti. "Mnaona? Msiwe na wasiwasi na wageni wenu. Waislamu ninao humuhumu jikoni." Mteja akiondoka, sauti ya asali inaondoka naye, na pazia linakuwa pazia.

Mchinjaji wa Mama Jenifa alikuwa mwingine: Hamidu, mtu mzima wa Kondoa mjini, ambaye wote walimwita ustaadhi. Kanzu yake aliitunza kwenye mfuko wa nailoni. Aliivaa akifika, akaivua akimaliza. Huyu alikuwa Muislamu mwenzake, na Munira alidhani angalau kwake atapata pumzi. Wapi! Hamidu alipoambiwa kuwa binti ni Msandawe, aligonga ulimi mdomoni, tko, tko, tko, akiiga lugha yao.

"Nanyi mmesilimu lini? Si juzi tu mlikuwa mnakimbizana na nyuki porini?"

"Bibi yangu alizaliwa ndani ya Uislamu, ustaadhi."

"Na hizo ndimi za kugongagonga mnaisomaje Kurani? Malaika wanaelewa kweli?"

Wanawake wakaangua kicheko, Wakristo kwa Waislamu. Hamidu akafurahi kuchekewa, akagonga ulimi tena. Munira akasema, "Malaika wanaelewa, ustaadhi. Shida iko kwa binadamu." Hapo kicheko kikapungua kidogo, na Hamidu hakumsahau.

Huyo bibi aliyemtaja anaitwa Bibi Joha, na ndiye aliyemlea. Kwao wanaume huondoka kwenda kulina asali na kuchunga mbali, nyumba zikabaki na wanawake na watoto. Mgeni akija, nani achinje kuku? Bibi Joha alichinja mwenyewe. Alimfundisha Munira akiwa bado anasoma shule ya msingi, na kila mara alimsimulia habari ya yule mwanamke mchunga mbuzi wa zama za Mtume, aliyeona mbuzi wake anakata roho akavunja jiwe na kumchinja kwa kipande chake, na Mtume akaruhusu aliwe. "Kisu kiwe kikali," Bibi Joha alikuwa akisema, "kiumbe kiwe hai, jina la Mungu litajwe, damu itoke. Sikusikia popote kwamba na ndevu zinahitajika."

Munira alikua hivyo. Hakuuona Uislamu wake kama kitu cha kuombea radhi. Shuleni, bwenini, wasichana wengine wa Kiislamu walikuwa wakivua mitandio wakitoka nje ya geti ili wasichekwe, yeye alikaza pini. Si kwamba hakuumia. Aliumia sana. Lakini alikuwa na ukaidi fulani wa kimya, ule wa mtu anayejua anachokishika.

Sasa ikafika sendofu ya Rose, sherehe ya kumuaga kwao kabla ya harusi.

Rose ni binti wa Bwana Ernest, afisa katika ofisi moja ya wizara kule Mtumba. Baba huyu alitaka sendofu ya kukumbukwa. Alialika wakubwa zake, madereva wa ofisi, majirani, ndugu wa Mvumi, kwaya. Wageni wengi wa ofisini walikuwa Waislamu, na akamwambia Mama Jenifa mbele ya Munira, "Mama, sitaki aibu. Bosi wangu ni mtu wa swala tano." Mama Jenifa akamshika Munira bega. "Baba, na huyu hapa unamwona?"

Kuku waliagizwa Singida, wa kienyeji, matenga yaliyoshonwa kwa kamba. Walitakiwa kufika Ijumaa jioni. Basi likaharibika upande wa Bahi, likalala huko, na asubuhi likakaa juani huku turubai limefunika mizigo. Mnalijua jua la Bahi. Matenga yalishushwa uwanjani kwa Bwana Ernest Jumamosi kukaribia mchana, siku yenyewe ya shughuli. Mama Jenifa alikuwa ameshapiga simu mpaka sauti imemkauka.

Sidonia akakata kamba. Wa juu walikuwa hai, midomo wazi, wanahema. Wa katikati wamelegea. Wa chini kabisa, Sidonia aliponyanyua mmoja kwa mguu, shingo ilining'inia kama soksi.

"Yesu wangu," akasema Mama Jenifa. Akatazama saa ya simu, akatazama masufuria yaliyokuwa yanachemka maji tayari. Mama huyu hakuwa mwizi, msinielewe vibaya. Alikuwa mtu aliyebanwa. "Ustaadhi!" akaita. "Vaa kanzu, anza. Haraka, haraka!"

Hamidu akavaa, akanoa kisu, akaanza. Wa kwanza walikuwa hai, akachinja vizuri, damu ikaruka. Alipokuwa anachoka kuchagua, mkono wake ukashuka chini ya tenga. Akamtoa mmoja, akapitisha kisu shingoni, akamtupa upande wa Munira aliyekaa kando ya pipa la maji ya moto.

Munira akamshika. Kuku hakupapatika. Shingo imekatwa lakini haina damu, ni mstari mkavu tu, kama umekata kamba. Miguu imekakamaa.

Akamweka chini. "Ustaadhi, huyu alikuwa ameshakufa."

Hamidu hakugeuka. "Umeiona roho yake ikitoka?"

"Sikuiona kwa sababu ilitokea Bahi."

Hamidu akageuka taratibu, kisu mkononi. "Binti, mchinjaji hapa ni nani?"

"Ni wewe. Lakini huyu ni kibudu. Kafa mwenyewe. Ukimkata ni sawa na kukata kiatu."

"Kumbe tuna mufti! Tko, tko! Mufti wa porini!" Akachukua mwingine chini ya tenga, akamkata vilevile, akamrusha, na huyo akamwangukia Munira mapajani, baridi. "Nyonyoa. Kazi yako manyoya, yangu ni shingo."

Munira akasimama. Akamfuata Mama Jenifa kwenye sufuria la wali, akamwambia kwa adabu, "Mama, kuku wafu wanaingia kwenye chungu. Wageni wataambiwa wamechinjwa, watakula. Haifai."

"Wangapi wamekufa?"

"Wengi. Nusu, labda."

"Basi nusu ya kitoweo unataka nikitupe. Halafu Bwana Ernest nimpikie nini, mtandio wako?"

"Tupunguze vipande, mama. Tuongeze maharage. Mlenda upo."

"Mlenda kwa watu wa wizara!" Mama Jenifa akaupigiza mwiko kwenye ukingo wa sufuria. "Sikiliza, we mtoto. Kuku amekatwa shingo, amekatwa na Muislamu, tena aliyevaa kanzu. Anayeuliza ataambiwa hivyo, na si uongo. Wewe nimekuokota umetoka Kwa Mtoro huna mbele wala nyuma. Funga mdomo, au ukafunge mzigo."

Sidonia akadakia huku akisonya. "Tangu aje huyu ni maringo tu. Mwone! Kama vile mbingu ni ya baba yake."

Sasa mtu mwingine angerudi kwenye pipa. Nafasi ya kulala, chakula, kazi, vyote vilikuwa mdomoni mwa Mama Jenifa, na kwao hakukuwa na kitu cha kurudia. Munira alirudi kwenye pipa kweli. Akainama. Wote wakadhani ameshindwa, Sidonia akaanza kuimba wimbo wa kwaya.

Munira akamimina matenga chini, moja baada ya jingine. Akawa anawagusa mmoja mmoja, mkono kifuani. Anayehema huku, asiyehema kule. Akawaongeza na wale wawili waliokatwa kavu. Rundo la wafu likawa kubwa kuliko alivyodhani. Akanyoosha mkono kwenye kidumu cha mafuta ya taa walichokuwa wakiwashia kuni, akafungua kifuniko, akamwaga. Akazungusha mkono vizuri, kama mtu anayemwagilia mchicha, mpaka kidumu kikaisha.

Harufu ikajaa uwanja.

Wote walisema pamoja. Mama Jenifa alipiga yowe kama amefiwa. Mwanamke mmoja akamwita mchawi. Sidonia alimvuta mtandio, pini ikakatika, na Munira akaushika kwa mikono miwili asiuachie. Hamidu naye akavua kanzu, akaikunja ndani ya mfuko wake wa nailoni, akafuta kisu. "Sichinji mahali ninapofundishwa dini na Msandawe," akasema. "Mtanitafuta." Akapanda bodaboda yake, akaondoka, akiamini kwamba kabla hajafika barabara kuu atapigiwa simu ya kubembelezwa.

Na ni kweli alipigiwa. Hakupokea. Mama Jenifa akamtuma mtu kwa fundi mmoja Muislamu jirani, akaambiwa amekwenda mjini. Wale kuku hai walikuwa wanaendelea kuhema, na mmoja akalala upande.

"Nitachinja mimi," akasema Munira.

"Mwanamke hachinji!"

"Mama, hilo limesemwa wapi?"

"Sijui limesemwa wapi, mimi si Muislamu! Nimeona maisha yangu yote wanaume ndio wanachinja!"

"Basi leo utaona lingine. Au tuwaache na hawa wafe, nikatafute mafuta mengine ya taa."

Mama Jenifa akamwangalia kwa chuki ambayo wanaosimulia wanasema ilikuwa inaonekana kama jasho. Lakini saa ilikuwa inakwenda. Akageuza uso. Hakusema ndiyo.

Munira alitoa kisu cha nyama jikoni, akakinoa kwenye jiwe mpaka kikakata unywele. Akamgeuza kuku wa kwanza upande wa kaskazini, upande wa barabara ya Kondoa ambako kibla kiko, akakanyaga mbawa. "Bismillahi, Allahu Akbar." Hakunong'ona. Alisema kama mtu anayejibu jina lake darasani. Akamaliza, akachukua wa pili. Mama mmoja nyuma akaiga sauti yake kwa dhihaka, wachache wakacheka, na yeye akasema tena vilevile kwa wa tatu, na wa nne, mpaka waliokuwa wakicheka wakachoka. Alichinja wote waliobaki peke yake. Hakuna aliyemshikia hata mmoja.

Vipande vikakatwa vidogo. Maharage yakaongezwa. Mlenda ukapikwa, na Mama Jenifa akaupika huku akitukana. Kabla ya kupakua akawakusanya wahudumu na kumnyooshea Munira kidole karibu na jicho. "Atakayeulizwa, kachinja ustaadhi Hamidu. Habari imeisha. Ole wake atakayefungua mdomo."

Jioni turubai lilijaa. Rose alipendeza, kwaya ikaimba, Wagogo wa Mvumi wakacheza mpaka vumbi likapanda kwenye keki. Kwenye meza ya mbele alikaa bosi wa Bwana Ernest, Bi Mwantumu, mama mnene mwenye miwani, mtandio wake wa hariri, na kando yake Mzee Yahaya, baba mkwe wake kutoka mjini, ndevu nyeupe, na watu wengine wa ofisini. Sidonia alipeleka wali, Munira akafuata na bakuli la mchuzi wa kuku.

Bi Mwantumu akamwinamia Sidonia. "Samahani binti. Nani kachinja?"

"Ustaadhi Hamidu, mama," akasema Sidonia bila kupepesa.

"Haya. Alhamdulillahi." Akakunja mkono wa gauni.

Munira alikuwa amesimama na bakuli. Chakula kilikuwa halali, alijua, alikihakikisha kwa mikono yake. Angeweka bakuli na kuondoka, hakuna ambaye angepata dhambi. Lakini yule mama alikuwa ameuliza swali la dini, na amejibiwa jina la mtu ambaye mchana uleule alikuwa tayari kumlisha mzoga. Na jina la kweli lilikuwa lake.

"Hapana, mama," akasema. "Wengi nimewachinja mimi."

Mkono wa Bi Mwantumu ukabaki hewani. Mzee Yahaya akasukuma sahani kwa kidole kimoja, kama kuna mdudu. "Astaghfirullah. Mwanamke?"

"Ndiyo, mzee. Shikamoo."

"Usinishikamoe. Wanaume wa Chamwino wamekwisha?"

"Huyo Hamidu yuko wapi?" akauliza Bi Mwantumu.

"Aliondoka. Tulikosana. Wa mwanzo alichinja yeye, waliobaki mimi. Wote walikuwa hai."

Bi Mwantumu akavua miwani. "Nani amekuuliza kama walikuwa hai?"

Munira angeweza kumwaga yote pale, kumwanika Mama Jenifa, kumwaibisha Bwana Ernest mbele ya bosi wake na binti yake. Alifunga mdomo, macho kwenye bakuli. Lakini Bi Mwantumu ni mtu wa kukagua, amekagua watu maisha yake yote. Alimtazama binti, akanusa, maana mafuta ya taa hayatoki mikononi upesi, akamtazama Mama Jenifa aliyesimama mbali ameshika khanga yake kwa nguvu. Akavaa miwani.

"Ulielekea wapi?"

"Kibla, mama."

"Ulisema nini?"

Munira akasema, kwa sauti, meza za jirani zikageuka.

"Nani alikufundisha?"

"Bibi yangu. Kwa Mtoro."

"Msandawe!" akasema Mzee Yahaya. "Mwantumu, tumekuja kulishwa na nani leo?"

Bwana Ernest akaja mbio, tai imemwendea upande. "Kuna tatizo, bosi? We binti, unafanya nini mezani kwa wageni? Mama Jenifa! Nani kamleta huyu?"

"Ernest, kaa chini," akasema Bi Mwantumu. "Na wewe binti usinisimamie hapo kama askari. Weka mchuzi."

Munira akaweka. Bi Mwantumu akachukua paja, akala. Hakumshukuru, hakumtabasamia, na alipomaliza alisema chumvi ni nyingi. Vijana wawili wa ofisini wakala baada yake. Wengine wakasukuma sahani kama Mzee Yahaya, na minong'ono ikatembea meza hadi meza: kuku wamechinjwa na mwanamke, tena Msandawe, tena msichana wa kunyonyoa. Upande wa Wakristo nao wakanuna kwa kuona kitoweo kidogo na mlenda mwingi. Mzee Yahaya alikula wali mkavu.

"Kula tu, baba," Bi Mwantumu alimwambia. "Huo haukuchinjwa na mtu."

Usiku huohuo begi la Munira lilikuwa nje ya mlango wa uani.

"Umenimaliza," Mama Jenifa alisema. "Ernest amegoma kumalizia malipo. Kitambaa chako hicho kisiingie tena jikoni kwangu."

Munira akainua begi. "Mama, hiki kitambaa umekila mwaka mzima. Kila mteja ulimwonesha hiki. Leo ndiyo kimekuuma?"

"Toka!"

Akatoka.

Wengi walidhani atarudi Chemba. Hakurudi. Alilala kwa mama mmoja Mgogo muuza mboga, ambaye alimkaribisha na kumwambia wazi kwamba sendofu ile aliiharibu. Baadaye akapata kibanda karibu na njia panda, pale wafanyakazi wa Mtumba wanaposhuka jioni. Anauza kuku wa kuchemsha na wa kukaanga. Anachinja mwenyewe asubuhi, nje, mbele ya kila apitaye, mtandio kichwani, na anataja jina la Mungu kwa sauti ileile.

Nisiwadanganye kwamba amependwa. Hamidu akipita na bodaboda hupunguza mwendo na kupaza sauti, "Kuku wa kike hao! Nani ana bahati mbaya leo?" Munira anamjibu, "Karibu ustaadhi, leo wote wako hai!" na Hamidu anaongeza moto. Wapo Waislamu wanaovuka barabara wasinunue kwake. Mmoja alimwambia msikitini, upande wa wanawake, kwamba anatafuta sifa. Wapo Wakristo ambao bado wanamwita yule aliyemwaga mafuta ya taa. Yeye ananunua kuku wake, anawapapasa kifua mmoja mmoja kabla hajalipa, na muuzaji akinuna anamwacha anune.

Lakini lipo jambo moja. Wale wa ofisini walirudi Mtumba na habari ya binti aliyekataa jibu la uongo mezani, na habari ikasafiri. Sasa mtu wa Mtumba akialikwa shughuli huku kwetu na kuuliza nani kachinja, akitajiwa jina lolote anauliza tena, "Una hakika? Au ni yule binti?" Wapishi wanamchukia Munira kwa hilo. Amewaletea swali la pili.

Wiki iliyopita Mama Jenifa alikuja kibandani. Alishuka kwenye bajaji na tenga la kuku, akaliweka chini, akasimama mbali kidogo na kibanda, uso umegeukia barabarani.

"Shikamoo, mama," akasema Munira.

Hakuitikia. "Nina harusi kesho. Mteja ni mtu wa wizarani. Amesema kama si wewe, hataki chakula changu. Sijui umewalisha nini watu hao."

"Kuku, mama."

"Usinifanyie utani. Na usidhani nimekusamehe."

"Sijaomba, mama." Munira alikuwa ameshachukua kisu na jiwe la kunolea. "Sogeza tenga kivulini kwanza. Jua kali."

Mama Jenifa akaukaza mdomo. Kisha akainama, akashika tenga upande mmoja, akalivuta.